Mgonjwa na Mgonjwa Mwenziwe

Wahenga wetu wametuachia semi mbili juu ya ugonjwa ambazo, zikitazamwa kwa makini, hazipatani. Ya kwanza yasema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: mwenye haja iliyo dhahiri hasumbuliwi kwa maswali, bali hutendewa. Walakini ndani ya wema huo mgonjwa amenyamazishwa. Yeye ni wa kupewa. Ajuaye yaliyo mema kwake ni mtu mwingine, mwenye afya, aliyesimama kando ya kitanda. Ya pili yasema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Hapa elimu imeondolewa kwa aliyesimama ikapewa aliyelala. Katika insha hii nataka kufuata historia ya usemi huu wa pili; yaani, jinsi watu wenye ugonjwa mmoja walivyopata kukutana, wakafanywa marafiki na ugonjwa huo, kisha wakaanza kupeana mashauri ambayo hapo kwanza yalikuwa mali ya waganga peke yao.

Yapasa kutofautisha mambo mawili tangu mwanzo. Kwenda kumtazama mgonjwa ni desturi ya kale katika pwani yetu na katika bara, na asiyekwenda hulaumiwa. Lakini katika desturi hiyo mzima ndiye amwendeaye mgonjwa, akampa pole, akaketi kidogo, akarudi kwake. Mgonjwa kumwendea mgonjwa, na kumwendea kwa sababu wote wawili ni wagonjwa, ni jambo jingine. Hata pale ambapo watu wa ugonjwa mmoja waliwekwa pamoja, kama katika makazi ya wakoma, aghalabu waliwekwa na wazima waliotaka kujikinga nao. Urafiki uliweza kuota humo, na bila shaka uliota, ila haukuwa ndio shabaha.

Waandishi wa Marekani wanaoeleza asili ya vikundi vya wagonjwa huanza mwaka 1905 mjini Boston. Msomaji wa Afrika ya Mashariki ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kuwakubalia. Katika kitabu cha desturi za Waswahili alichoandika Mtoro bin Mwinyi Bakari, na ambacho Carl Velten alikipiga chapa mwaka 1903, mna habari za ngoma za pepo. Mtu aliyepatwa na pepo hatibiwi akaenda zake. Huingizwa katika ngoma, akawa na wenziwe waliopatwa kabla yake. Victor Turner aliyaona mambo kama hayo kwa Wandembu wa Zambia, akayaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1968: aliyeteswa na kuponywa huwa yeye mwenyewe mtumishi wa tiba ile, akawahudumia wanaoteswa vivyo hivyo. Naye John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alizifuata ngoma za namna hii kutoka Kinshasa mpaka Dar es Salaam na Cape Town. Sitaki kulazimisha ufanano. Katika ngoma kuna daraja, kuna siri, na mkubwa wa ngoma ndiye mwenye neno. Lakini wazo lenyewe, kwamba aliyeonja maumivu amepata cheo ambacho mzima hana, lilikuwa limekwisha kutembea barani mwetu kabla daktari wa Boston hajaandika neno. Kwa hiyo, tukianza na Boston, tuanze kwa sababu huko mna maandishi ya hospitali yaliyo kamili, wala si kwa sababu huko ndiko kila kitu kilikoanza.

Joseph Hersey Pratt alikuwa daktari kijana katika Hospitali Kuu ya Massachusetts. Kifua kikuu wakati ule kilikuwa hakina dawa. Kijidudu chake kilikuwa kimetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, lakini streptomaisini, dawa ya kwanza iliyokishinda, haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Kilichoaminiwa kusaidia ni mapumziko, hewa safi na chakula cha kutosha. Matajiri wakienda kupumzika milimani. Maskini wakabaki katika vyumba vyao vya msongamano, wakikohoa. Mwezi wa Julai 1905, kwa msaada wa Kanisa la Emmanuel, ambalo kasisi wake alikuwa Elwood Worcester, Pratt alianzisha kitu alichokiita darasa. Wanafunzi wake walikuwa wagonjwa maskini, wasiozidi 25. Kila mmoja alipewa daftari, akaandika humo kila siku joto la mwili wake, alichokula, na saa alizopumzika nje penye hewa. Waliambiwa walale juu ya mapaa, barazani au katika mahema. Mara moja kwa juma walikutana. Madaftari yakakaguliwa, na walioongeza uzito wakatangazwa mbele ya wenzao.

Nia ya Pratt mwanzoni ilikuwa ya kuokoa muda: kuwafundisha watu 20 pamoja ni kazi nyepesi kuliko kuwafundisha mmoja mmoja. Lakini aliona kitu ambacho hakukikusudia. Watu wa asili mbalimbali na dini mbalimbali, ambao wasingeketi pamoja kwa sababu nyingine yoyote, walikuwa wakizoeana. Ratili moja iliyoongezeka mwilini mwa mmoja iliwafurahisha wote. Alieleza njia yake katika jarida la madaktari wa Marekani, na mwaka 1930 akaanzisha darasa jingine katika zahanati ya Boston kwa ajili ya watu ambao maumivu yao hayakuonyesha asili katika mwili. Ndiyo maana wengi humhesabu kuwa baba wa tiba ya vikundi. Kwa maoni yangu sifa hiyo ni ya nusu. Darasa la Pratt lilibaki darasa, na mwalimu alisimama mbele. Urafiki ulikwenda kando, kutoka kwa mgonjwa mpaka kwa mwenziwe. Shauri liliendelea kushuka toka juu.

Aliyevunja mpango huo si daktari wa mapafu, bali walevi wawili. Mwaka 1935, mjini Akron katika jimbo la Ohio, mtu wa biashara ya hisa aliyeitwa Bill Wilson alikutana na daktari wa upasuaji, Robert Smith. Daktari huyu alikuwa mlevi kama mgeni wake, na hakuna mafunzo ya udaktari yaliyokuwa yamemsaidia. Chama kilichotokana na mazungumzo yao kilikuwa na kanuni ngeni: wa kusaidia mlevi ni mlevi, na asaidiaye hujisaidia. Hapakuwa na mzima chumbani. Habari zake zimekwisha kuandikwa mno, nami nitazipita.

Nitapita upesi pia Denver, ambako mwezi wa Juni 1983, miaka miwili tu baada ya UKIMWI kutangazwa kwa mara ya kwanza, wagonjwa waliokuwa katika mkutano wa afya walitoa tamko la kukataa kuitwa wahanga, wakataka wawe na sauti katika vikao vyote vya kuamua mambo yao. Tamko hilo lilikuwa la siasa zaidi ya kuwa la urafiki. Kwa habari ya urafiki inatupasa twende Kampala.

Mwaka 1986 Noerine Kaleeba alikuwa mkuu wa chuo cha mazoezi ya viungo katika Hospitali ya Mulago. Mumewe, Christopher, alikuwa masomoni Hull, Uingereza, na huko ndiko ugonjwa ulikomwangusha. Mkewe alimfuata. Alimkuta mumewe akiuguzwa kwa upole na watu ambao hawakumwogopa. Waliporudi nyumbani aliona kinyume chake: woga wa wauguzi, kunong'ona kwa jirani, na upweke wa jamaa zilizopatwa. Christopher alifariki mwezi wa Januari 1987. Kabla na baada ya kifo hicho watu wachache, wagonjwa na wenzi wao, walikuwa wakikutana. Na ukiuliza walikuwa wakifanya nini, jibu la kweli ni kwamba walilia, walisali, walikunywa chai, waliulizana habari. Kutokana na mikutano hiyo kilizaliwa mwaka huo huo chama kiitwacho TASO. Waasisi wake walikuwa 16. Wengi wao walikuwa na virusi, na wengi walikufa katika miaka iliyofuata. Kaleeba mwenyewe aliandika kitabu cha kumbukumbu mwaka 1991, na jina lake, We Miss You All, lasemeshwa na wafu wale.

Mwanafunzi wa leo yafaa akumbuke kwamba wakati ule hapakuwa na dawa ya kumpa mtu. Tiba ya dawa tatu pamoja ilitangazwa mwaka 1996 huko Vancouver, na bei yake iliizuia isifike kwa Waafrika walio wengi mpaka baada ya mwaka 2000. Basi ushauri wa mgonjwa kwa mgonjwa ulikuwa nini katika miaka hiyo kumi na zaidi? Ulikuwa mambo madogo yenye uzito mkubwa. Usingoje vidonda vya kinywa vikuzuie kula. Nenda zahanati mapema. Andika wosia, kwa kuwa ndugu wa mume watakuja kuchukua nyumba. Waambie watoto. Jambo hili la mwisho lilipewa umbo na chama cha wanawake wenye virusi cha Uganda, NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992. Akina mama walikaa pamoja wakaandika vitabu vya kumbukumbu, kila mmoja kwa ajili ya watoto wake: asili ya ukoo, siku ya kuzaliwa, baba alikuwa mtu gani, mama alipenda nini. Ni kazi ambayo mtu hawezi kuifanya peke yake usiku chumbani. Aweza kuifanya akiwa ameketi na mwanamke mwingine anayeandika kurasa zile zile kwa mtoto wake.

Upande wa Tanzania, WAMATA ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1989 na Theresa Kaijage, nayo ilikuwa na sura iyo hiyo ya kuwakutanisha waliopatwa. Mwaka huo huo Philly Lutaaya, mwimbaji mpendwa wa Uganda, alitangaza hadharani kwamba anao ugonjwa huo, akatembea shule na makanisa akiusema mpaka akafa mwezi wa Desemba. Ni vigumu leo kueleza tendo hilo lilikuwa kubwa namna gani. Maelfu ya watu walijua kwa mara ya kwanza kwamba mtu aweza kulitaja jambo hilo kwa sauti na ardhi isipasuke.

Sasa nimefika mahali pagumu, kwa kuwa historia hii huelezwa mara nyingi kama kwamba ni ya wema mtupu. Ikiwa mgonjwa ndiye awajuaye kunguni wa kitanda chake, je, ajua pia dawa ya kunguni? Hapo ndipo semi za wahenga zinaponyamaza, na ni lazima tutazame mambo yalivyotokea.

Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliwanywesha watu kikombe cha dawa ya mizizi ya mti kwa shilingi 500. Watu walikuja kwa maelfu kutoka Tanzania, Kenya na mbali zaidi. Magari yalipanga mstari wa kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliokufa mstarini. Magazeti yalimwandika sana mzee mwenyewe. Mimi naona mwenye nguvu katika jambo hili hakuwa mzee. Alikuwa mgonjwa aliyerudi nyumbani akisema amepona. Habari zilipita kwa simu na kwa mdomo, kutoka kwa mwenye sukari mpaka kwa mwenye sukari, kutoka kwa mwenye virusi mpaka kwa mwenye virusi. Baadhi yao waliacha dawa za hospitali. Lilikuwa ni shauri la mgonjwa kwa mgonjwa, lililotolewa kwa upendo, na hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI au kisukari. Tatizo lake laonekana likitazamwa karibu: aliyejisikia nafuu alisema, aliyezidiwa alinyamaza, aliyekufa hakuweza kusema. Ushuhuda wa namna hii huwahesabu walio hai peke yao.

Linganisha na jambo lililotokea miaka mitatu kabla. Upo ugonjwa wa neva, uitwao kwa kifupi ALS, ambao humnyang'anya mtu misuli yake moja baada ya nyingine mpaka hata pumzi, huku akili ikibaki timamu. Wengi hufa katika miaka michache. Mwaka 2008 madaktari wa Italia walitoa habari kwamba chumvi ya lithiamu, dawa ya zamani ya maradhi ya akili, ilikuwa imewazuia wagonjwa wao wasizidiwe. Waliopewa dawa walikuwa 16 tu. Hata hivyo mtu mwenye miaka mitatu ya kuishi hawezi kungoja uchunguzi wa miaka mitano. Wagonjwa wa nchi mbalimbali, waliojuana kwa njia ya kompyuta, wakaanza kuitumia lithiamu kwa idhini ya madaktari wao. Mpaka hapo, habari hii ni Loliondo tupu.

Lakini hawa walikuwa na daftari. Mtandao walioutumia, PatientsLikeMe, ulikuwa umeanzishwa mwaka 2004 na ndugu wawili, James na Benjamin Heywood, pamoja na rafiki yao, kwa ajili ya Stephen, ndugu yao wa tatu, aliyepatwa na ALS akiwa na umri wa miaka 29. Alifariki mwaka 2006. Katika mtandao huo kila mgonjwa aliandika mara kwa mara kama aweza kutembea, kumeza, kuandika kwa mkono. Hivyo wale walioanza lithiamu waliweza kulinganishwa na wasioitumia ambao ugonjwa wao ulikuwa umekwenda kwa mwendo ule ule hapo nyuma: watumiaji 149 kwa wengine 447. Baada ya miezi 12 tofauti haikuonekana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na majaribio ya hospitali yaliyofanywa kwa utaratibu wa kawaida yalifikia neno hilo hilo. Wagonjwa walikuwa wamejithibitishia wenyewe, kwa miili yao na kwa hesabu zao, kwamba tumaini lao ni la uongo. Nimesoma habari nyingi za ushujaa katika historia ya tiba, na sijui nyingi zinazopita hii. Katika hesabu hiyo hata waliokufa walikuwa na nafasi yao.

Isidhaniwe kwamba ilitakiwa takwimu kubwa kila mara ili uongo usahihishwe. Tangu mwaka 1993, katika hospitali ile ile ya Boston alikofanya kazi Pratt, mtumishi wa idara ya neva aliyeitwa John Lester alikuwa amewafungulia wagonjwa wa neva mahali pa kuandikiana kwa kompyuta. Daktari wa kifafa wa hospitali hiyo, Dan Hoch, alieleza mwaka 2005 jinsi alivyoshangaa alipoyasoma maandishi ya wagonjwa hao: alitarajia kuliwazana, akakuta elimu. Walikuwa wakifundishana namna ya kuishi na dawa, namna ya kumwambia mwajiri, namna ya kuzungumza na daktari asiyesikiliza. Mwaka 2006 watafiti wa Texas walitangaza kwamba wamesoma barua 4,600 walizoandikiana wanawake wenye saratani ya matiti na wenzao. Zilizokuwa na uongo au upotovu zilikuwa 10, na 7 kati yake zilisahihishwa na wanachama wenyewe kwa wastani wa muda usiofika saa tano. Hesabu hii ni ya kikundi kimoja chenye watu wasomao na wenye muda. Si haki kuifanya cheti cha vikundi vyote, hasa vile vya simu ambamo mtu hupeleka mbele ujumbe asiousoma.

Kuna jambo moja ambalo mikutano ya Mulago ililijua na ya kompyuta ililisahau. Aliyelia chumbani Kampala aliwaona wote waliomsikia. Mwaka 2010 ilifichuka kwamba kampuni moja ya utafiti wa soko ilikuwa imeingia katika baraza la wagonjwa wa huzuni na maradhi ya akili la mtandao ule ule wa PatientsLikeMe, ikanakili maneno yao kwa ajili ya biashara. Tena wenye mtandao wenyewe hawakuficha kwamba wao pia huuza takwimu za wagonjwa, majina yakiwa yameondolewa, kwa watengenezaji wa dawa. Siri ya mgonjwa, ambayo kwa daktari ina kiapo, kwa mwenye mtandao ina mkataba, na mikataba hiyo husomwa na wachache.

Nimalizie kwa habari ya majina. UKIMWI ulipoingia mkoa wa Kagera katika miaka ya 1980, watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizotoka ng'ambo ya mpaka. Uganda waliuita slim, kwa ajili ya wembamba wa waliopatwa. Majina haya yalitolewa na wazima walipokuwa wakiwatazama wagonjwa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, madaktari walisema ulio mwepesi huisha kwa majuma mawili. Maelfu ya watu waliokuwa hawakulazwa hospitali waliona hauishi: uchovu, pumzi fupi, moyo kwenda mbio, akili kama iliyofunikwa na ukungu, mwezi baada ya mwezi. Wengi hawakuwa na cheti cha kipimo, kwa sababu vipimo vilikuwa haba, na hivyo hawakusadikiwa. Walitafutana kwa mitandao wakiwa vitandani. Wakaulizana dalili, wakaziorodhesha, na baadhi yao waliokuwa watafiti kwa kazi zao wakatunga maswali na kuyatuma kwa wenzao. Mwezi wa Mei mwaka huo Elisa Perego, mwanaakiolojia wa Italia aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, aliandika maneno mawili, Long Covid, na wenzake wakayatwaa. Mwezi wa Agosti wajumbe wao walizungumza na Shirika la Afya Duniani, na mwezi wa Oktoba 2021 shirika hilo likatoa maelezo rasmi ya hali hiyo, yaliyoandaliwa kwa kuwashirikisha wagonjwa. Shirika lina jina lake refu la kitaalamu kwa ugonjwa huo. Madaktari, magazeti na wagonjwa hutumia lile la Perego.